Majiko Mawili ya Mzee Nasoro

Mimi kazi yangu ni mandazi. Kazi ya kubeba maneno sikuiomba. Niliipata kwa sababu ya pale ninapoweka jiko langu: katikati ya ua, kulia mlango wa Mzee Nasoro, kushoto jiko la mke wake Fahima, sisi tunamwita Mama Fahima. Kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwingine ukirusha kijiko kinafika. Lakini tangu ushuru wa TVA ulipopanda, maneno yao hayakufika mpaka yapite kwangu.

"Chanceline," anaanza Mzee, amekaa kwenye kigoda, mota ya mtumbwi ameifungua mbele yake, mikono imejaa grisi. "Muambie mwenye nyumba yule kwamba maji ya kuoga yamekwisha."

Mwenye nyumba yule yuko hapo hapo, anachuja mawese yake ya kutoka Kizuka. Anasikia mpaka pumzi.

"Mama, Mzee anasema maji yamekwisha."

"Muambie bomba halijahama. Liko pale pale lilipokuwa wakati yeye bwana harusi, akinichotea bila kutumwa."

"Mzee, Mama anasema..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Sasa si mungeongea tu wenyewe?"

Hapo wote wawili wananitazama kama mimi ndiye niliyetukana mtu. Narudi kwenye karai langu.

Mimi ni mtu wa upande wa pili wa ziwa, mji wa Baraka, nilikuja Rumonge na shangazi yangu wa kanisa, akaolewa Kabezi, mimi nikabaki. Chumba cha nyuma napanga kwao. Shule niliishia ya msingi, lakini kuangalia watu hakuhitaji diploma. Ukikaa mbele ya mafuta ya moto kila asubuhi, ukingoja mandazi yageuke rangi, unajifunza kungoja na kutazama. Basi nilitazama.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa sukari. Redio ilitangaza kwamba TVA, ule ushuru unaolipa bila kuuona kila unaponunua kitu dukani, imepandishwa. Asubuhi ile ile Karoli wa duka la kona akaanza kupima sukari kama mtu anayepima dawa ya mtoto mchanga. Sabuni ikapanda, unga ukapanda, mandazi yangu yakapungua unene mpaka wateja wakawa wananiuliza kama nayo yamefunga Ramadhani. Siku hiyo walikuja wageni kutoka Gitaza, wavuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa, wameleta mota yao iliyozama. Mama Fahima akawapikia chai yake. Chai yake mtaa mzima unaijua: tangawizi inakukamata kooni, halafu sukari inakuja kukuomba msamaha.

Mzee Nasoro alikuwa ametoka kwa Karoli muda si mrefu, kichwa bado cha moto. Akamuona mke wake anashika bakuli la sukari, akasema mbele ya wageni:

"We mama, punguza! Sukari siku hizi si mchanga wa ziwa, wewe unaimwaga tu."

Wageni wakacheka. Mama Fahima hakucheka. Aliweka kijiko chini taratibu, akaingia ndani.

Kesho yake chai ya Mzee ilikuja bila sukari. Siku iliyofuata haikuja. Halafu Mama Fahima akasogeza jiko lake mpaka mwisho wa baraza, na Mzee, kwa hasira, akaenda sokoni akarudi na mbabula mpya ya mkaa, ndogo, nyekundu, akaiweka mbele ya mlango wake kama mtu aliyenunua gari. Akaanza kujipikia.

Kujipikia ni neno kubwa. Alikuwa anaunguza. Mchele wake ukiungua, moshi unavuka barabara mpaka kwa Hamidou fundi cherehani, na Hamidou anatoa kichwa dirishani:

"Shikamoo, Mzee! Leo ni wali ao unachoma matairi?"

"Marahaba. Shona nguo za watu, Hamidou."

Lakini kuna mambo mawili niliyoyaona, na sikumwambia mtu. La kwanza: Mzee akinunua mkaa, ananunua mifuko miwili, na mmoja unaachwa karibu na jiko la mwisho wa baraza, hasemi kitu. La pili: kila jioni Mama Fahima ananiletea bakuli limefunikwa sahani, ananiambia, "Weka hapo. Ni la paka."

Hatuna paka. Na sijawahi kusikia paka wa kupikiwa samaki wa mukeke kwa ndimu na pilipili pembeni. Ninapoenda kuosha karai kwenye bomba, nikirudi bakuli liko tupu, na Mzee Nasoro amekaa kwenye kigoda chake anajipangusa ndevu, anatazama mawinguni.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Halafu redio ikasema tena. Serikali imeona watu wameumia na TVA, itatoa msaada, kila menaji itatumiwa pesa kwenye simu. Menaji ndivyo wanavyoita nyumba huko komine, kwenye ofisi ya serikali: mume, mke na wanaokula jiko moja. Haikuwa pesa ya kujenga. Ilikuwa ya mchele, sabuni na mafuta, ya kukusaidia kuvuta pumzi. Mtaa ulifurahi hata hivyo. Mimi mwenyewe, kwa kuwa napanga na nina jiko langu, niliambiwa ni menaji. Niliipenda hiyo. Mtu mmoja na karai, menaji.

Aliyeleta habari kamili alikuwa Olivier, kijana wa komine, alipita na pikipiki yake siku moja kabla ya kuandikisha watu, kutuelezea. Alikuwa mwembamba, mpole, anasema "murakoze", asante, hata ukimkanyaga.

"Mume na mke ni menaji moja," akasema. "Ila kama waliachana, kila mutu anakaa kivyake, hapo ni menaji mbili. Lakini bwana aseme mwenyewe kwa mdomo wake kwamba ameacha, na majirani wawili wasikie. Asije mutu kesho akaleta maneno."

Ungeona macho ya watu. Olivier hajamaliza kuwasha pikipiki, Hamidou ameshaingia ndani kwake, na sisi huku tunasikia kila kitu kwa dirisha.

"Sharifa! Kesho tumeachana, sawa?"

"Sawa," akajibu mke wake. "Lakini usichelewe kula, nimepata maharage mazuri."

Wakacheka wote wawili. Hamidou na Sharifa ni watu wa kucheka. Mpaka jua linazama, mtaa mzima ulikuwa unaachana kwa kesho. Hamisi seremala wa mitumbwi akaja barabarani anajipiga kifua: "Mimi naacha mke mmoja tu, lakini ningekuwa nao wanne ningetajirika!" Wanawake nao wanachekelea, wengine wanagombana nani atashika pesa ya mwachwa. Ilikuwa kama sikukuu.

Halafu wote wakageuka kumtazama Mzee Nasoro.

"Wewe Mzee hata hutadanganya," akasema Hamidou, ameegemea ukuta wetu. "Sisi tutasema uwongo, wewe utasema kweli tupu. Majiko mawili yanaonekana, moshi mara mbili, hamuongei. Nani anastahili kama nyinyi?"

Mzee alikuwa anasafisha plagi ya mota kwa kitambaa. Hakuinua kichwa. Mwisho wa baraza, Mama Fahima alikuwa anapanga chupa za mawese. Alizipanga, akazipangua, akazipanga tena.

Jioni alikuja na bakuli la paka, lakini hakuondoka. Akakaa kwenye gogo langu la kuni.

"Kesho atasema mbili," akaniambia polepole.

"Mama, ni pesa tu. Wote watasema."

"Wewe ni Mkristo, mutoto wangu, hujui. Kwetu sisi mwanaume akisema mbele ya mashahidi kwamba amemuacha mke, neno limetoka. Haliulizwi lilikuwa linatafuta nini. Nilimuambia Sharifa mchana. Amecheka, anasema mimi ni mzee wa zamani." Akachezesha ncha ya kanga yake. "Wale wakisema, watu wanajua ni mchezo. Huyu akisema, nitajuaje mimi kama ni mchezo? Hajaniita jina langu tangu ile chai."

"Basi muambie asiseme."

"Mimi?" Akasimama. "Mimi nimuombe mutu abaki na mimi? Kwa sababu ya franga za sukari? Hapana. Na wewe usimuambie. Hilo sikukutuma."

Hilo hakunituma. Nilishika bakuli, nikaliweka mahali pake. Nilikuwa nimebeba maneno yao yote, ya maji, ya mkaa, ya kuku aliyeingia chumbani, na hilo moja lililokuwa na maana ndilo nililokatazwa. Mzee alipokuja karibu nilijikohoza.

"Mzee, kesho Olivier akikuuliza..."

"Nimesikia, Chanceline," akasema. Akachukua bakuli, akaenda zake. Safari hii hata hakungoja niende kuosha karai.

Asubuhi nilikaanga mandazi mengi kuliko kawaida, maana mtaa ukiwa na jambo watu wanakula. Olivier alianzia kwa Hamidou. Majirani walikusanyika kama harusini. Hamidou alitoka amevaa shati la Idi, akasimama mlangoni.

"Olivier, andika! Huyu mwanamke nimemuacha!"

Sharifa akapiga kigelegele. Watu wakapiga makofi. Olivier aliwatazama mmoja mmoja, akajikuna shingo, akaandika. Wakaenda kwa Hamisi, makofi tena. Wakaenda nyumba ya kijani, makofi. Kila walipotoka, kundi liliongezeka, na wote walipofika kwetu ua ulijaa mpaka nikaogopa mtu atakaa ndani ya mafuta yangu.

"Amahoro," akasema Olivier.

"Amahoro," tukajibu.

Akatazama huku na huku. Mbabula nyekundu ya Mzee ilikuwa inatoa moshi. Jiko la Mama Fahima lilikuwa linatoa moshi. Yeye mwenyewe alikuwa ametugeuzia mgongo, anakoroga chungu. Mimi nilikuwa najua chungu kile hakina kitu ndani. Nilikiona nilipopita.

"Mzee, naona jiko hapa, naona jiko pale," akasema Olivier kwa heshima. "Niandike menaji mbili?"

Hamidou na Hamisi walishasogea mbele kuwa mashahidi, wanatabasamu. Mkono wa Mama Fahima ulisimama ndani ya chungu. Mandazi yangu yalikuwa yanaungua, nikayaacha yaungue.

Mzee Nasoro alifuta mikono yake, kidole kwa kidole. Akasimama.

"Kijana, hesabu vizuri. Majiko hapa ni matatu, na lile la mandazi."

"Yule dada ni menaji yake, Mzee, hilo liko wazi. Nakuuliza wewe na mama."

"Mimi na mama ni moja."

"Mzee!" Hamidou alipiga kelele kama aliyechomwa sindano. "Unaacha pesa!"

"Pesa naacha. Fahima simuachi."

Alikuwa amemwita jina.

Olivier akanyoosha kalamu kuelekea kwenye mbabula nyekundu. "Sasa na hili jiko, Mzee, ni la nani?"

Mzee aliitazama mbabula yake, akaitazama kama hajawahi kuiona.

"Hilo," akasema, "ni la paka."

Nilisikia kitu kinaanguka. Ni mwiko wa Mama Fahima. Alikuwa ameshika kanga mdomoni kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na mwanzo nilidhani analia. Halafu kicheko kikamtoka, kile cha tumboni ambacho sikukisikia tangu TVA ipande. Watu hawakuelewa wanacheka nini, lakini wakacheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Olivier alisema murakoze, akaandika moja.

Watu walipoondoka, Mama Fahima aliokota mwiko, akaupangusa.

"Chanceline," akaniita, "muambie Mzee kwamba paka leo atakula mezani."

Bado alinipitisha mimi. Lakini nilibeba neno lile kwa furaha kama nimebeba bwana harusi.

Ningedhani mambo yameisha hapo. Ijumaa ikafika.

Mimi sikuwa msikitini, lakini jiko langu liko njiani, na niliwaona wanaume walivyokwenda na walivyorudi. Walikwenda wanataniana. Walirudi kimya, mmoja mmoja, kama watu waliotoka kwa daktari. Hamidou alikuja moja kwa moja kwangu, akanunua mandazi, akasahau kuyala.

"Kuna nini, shemeji?" nikamuuliza.

"Sheikh Shafii," akasema. "Amesikia yote. Ametuita mbele. Ametuuliza: mulisema kweli ao uwongo? Kama ni kweli, hao si wake zenu tena. Kama ni uwongo, hiyo pesa si yenu. Chagueni."

"Mukachagua nini?"

"Tukasema uwongo, Sheikh, ilikuwa mchezo! Akasema talaka haina mchezo. Akasema, mimi sisomi vifua vya watu, nasikia maneno, na mashahidi wenyewe ni nyinyi kwa nyinyi. Ikataeni pesa ya pili, na kila mutu amrejee mke wake mbele ya mashahidi, ndiyo usalama." Akashika kichwa. "Chanceline, mimi nina mke ao sina?"

Kabla sijajibu, mlango wa upande wa pili wa barabara ulifunguliwa. Sharifa. Habari ilikuwa imemfika, habari zinapita moja kwa moja, watu wanapita kona. Alikuwa amevaa baibui yake nzuri, na chini ya mkono alikuwa na godoro dogo lililokunjwa.

"Hamidou mwana wa watu!" akaita. "Mimi niko kwenye eda. Mwanamke aliyeachwa anakaa nyumbani kwa mume mpaka eda iishe, hiyo ni sheria, kamuulize Sheikh wako. Kwa hiyo mimi nabaki. Wewe mwenye maneno yako, chukua godoro, kalale kwa cherehani."

"Sharifa, mke wangu..."

"Mke wa nani? Nilipiga kigelegele, hukusikia?"

Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Wanawake waliokuwa wamecheka siku ile walikuwa wanacheka bado, ila sasa walikuwa wanacheka peke yao. Wanaume wakajaa kwenye chumba cha cherehani cha Hamidou, wamelala kati ya vitenge vya watu, na asubuhi wakawa wananijia macho mekundu kununua mandazi. Sijawahi kuuza vile. Niliyaongezea unene.

Mzee Nasoro ndiye alikuwa mwanaume pekee wa barabara yetu aliyelala nyumbani kwake. Hakujisifu kwa mdomo. Alipiga mswaki barazani kwa muda mrefu sana, ndiyo tu.

"Mzee, tusaidie," Hamisi akamwomba. "Zungumza na wanawake. Tunataka kuwarejea, hawataki hata kufungua mlango."

"Mimi mambo ya wanawake siyajui," akajibu Mzee. "Muulizeni mwenye nyumba." Na kwa mara ya kwanza hakusema "yule".

Basi wakaenda kwa Mama Fahima, wanaume wazima, wamepanga mstari mbele ya chupa za mawese. Yeye alikuwa amekaa na wanawake wa mtaa, Sharifa kiti cha mbele, wanakunywa chai. Walikuwa wamekwisha kuzungumza, ilionekana.

"Kwanza," akasema Mama Fahima, "muende kwa yule mutoto wa komine museme ukweli. Pesa ya uwongo hakuna mwanamke hapa anayeitaka kwenye chungu chake."

"Tutaenda, Mama. Leo leo."

"Pili, mutatamka hapa uani, mbele ya watu wale wale waliopiga makofi. Makofi mulipiga kwa sauti, na hili museme kwa sauti."

"Sawa, Mama."

"Tatu." Nikamuona anamtazama Mzee kwa pembe ya jicho. "Kila mwanaume aje na sukari. Kilo nzima. Sitaki ya kufunga kwenye karatasi kama dawa ya minyoo."

"Sukari?" Hamisi akaguna. "Mama, na hii TVA?"

"Ndiyo. Na hii TVA."

Mzee Nasoro alikohoa, akazama ndani ya mota yake. Masikio yake yalikuwa yanacheka.

Olivier walimkuta komine anafunga ofisi. Alituhadithia baadaye mwenyewe, akiwa na kikombe mkononi. "Mimi tangu nianze kazi, watu wanakuja kusema nimewasahau, nimewapunguza. Sijaona mutu anakuja mbio, jasho linamtoka, ananiomba apewe kidogo! Nikauliza, muko wagonjwa? Wakasema, tuko wajane." Kwa kuwa pesa ilikuwa haijatumwa, alirekebisha, akawaonya kidogo, halafu akaomba ruhusa ya kuja kuona mwisho wake.

Sherehe ilikuwa Jumapili baada ya saa za kanisa, nadhani waliningoja mimi. Niliporudi na Biblia yangu nilikuta ua umefagiliwa, mikeka imetandikwa, sufuria la harusini limewekwa juu ya mafiga, maji yanachemka na tangawizi iliyopondwa. Karoli alikuwa amekuja na mzani wake wa dukani, kwa maringo, kuhakikisha kila kilo ni kilo. Sukari ya duka lake ilikuwa imeisha. Alikuwa mwenye furaha kuliko mabwana harusi wote.

Sheikh Shafii alikaa, Mzee Nasoro pembeni yake kama shahidi. Hamidou aliitwa wa kwanza. Alikuwa na shati lile lile la Idi, sasa limekunjamana kwa kulaliwa, na mfuko wa sukari ameukumbatia.

"Nimemrejea mke wangu," akasema.

"Sijasikia," akasema Sharifa.

"Nimemrejea mke wangu Sharifa!"

"Bado. Siku ile walikusikia mpaka bandarini."

Hamidou akavuta pumzi, akafumba macho, akapiga ukelele uliowarusha ndege kwenye mchikichi wa jirani: "NIMEMREJEA SHARIFA, NA SIMUACHI TENA HATA MUNIPE KOMINE NZIMA!"

"Haya basi," akasema Sharifa, akainuka kupokea sukari. "Na maharage yameshaharibika, ujue." Lakini alikuwa anapangusa macho. Kigelegele alichopiga safari hii kilikuwa kingine kabisa, nacho nilikisikia mwilini.

Wakafuata wengine. Wa nyumba ya kijani alitetemeka mpaka akasahau jina la mke wake, mke akamkumbusha. Hamisi alileta kilo na nusu, ya kujipendekeza. Kila mfuko ulimwagwa kwenye beseni moja mbele ya Mama Fahima, beseni likawa jeupe, linapanda.

Katikati ya hayo simu ya mtu ikalia. Halafu ya mwingine. Halafu ua mzima ukawa unalia kama vyura, kila mtu anajipapasa mfukoni. Pesa ya serikali ilikuwa imeingia, moja kwa kila menaji, haki sawa. Hata mimi, menaji ya mtu mmoja na karai. Watu wakashangilia, Olivier akapigwa mgongoni mpaka akamwaga chai.

"Sasa mimi nauliza," akasema Karoli, anafunga mzani wake. "Serikali imewapa pesa ya kuwapoza TVA. Nyinyi hata hamkuingoja, mumenunua sukari. Sukari ina TVA. Serikali ikipata habari italia ao itacheka?"

"Kunywa chai, Karoli!" wakamjibu watu wote.

Chai ilimiminwa. Watu walipewa, wageni, watoto, Sheikh. Mwisho Mama Fahima alichukua kikombe kile cha bati cha Mzee, chenye mpini uliounganishwa, ambacho kilikuwa kimekaa kabatini tangu ugomvi wa sukari. Akakijaza. Akaja nacho mpaka kwenye kigoda, mkono mmoja kikombe, mkono mwingine bakuli la sukari na kijiko. Akasimama mbele yake.

Mimi nilikuwa hapo hapo, mahali pangu, katikati. Nikajiweka tayari.

Mzee aligeuza uso kwangu, kwa mazoea. "Chanceline, muambie..."

Akaishia hapo. Akanitazama, akatazama bakuli, halafu akainua macho kwa mke wake.

"Fahima," akasema. "Mwaga."

"Niweke kiasi gani?" Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya msichana.

"Kama mchanga wa ziwa."

Akamwaga. Alimwaga kijiko juu ya kijiko, chai ikapanda mpaka ukingoni, na Mzee Nasoro akainywa yote mbele ya watu bila kukunja uso, nami najua ilikuwa tamu ya kuumiza meno. Alipomaliza alimrudishia kikombe.

"Imezidi?" akamuuliza.

"Bado kidogo," akasema Mzee.

Siku ile nikafukuzwa kazi ya kubeba maneno, bila hata kuagwa. Kesho yake asubuhi, nakanda unga, niliwasikia ndani wanagombana juu ya nani aliyeacha ndoo bombani, sauti juu, wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyeniita. Nilitulia nikasikiliza kama mtu anayesikiliza redio yenye habari nzuri.

Baadaye Mzee alitoka ameshika mbabula nyekundu, akaiweka karibu na karai langu.

"Hii ni yako sasa," akasema. "Paka amehama."

Siku hizi nakaanga kwa majiko mawili. Mandazi yanatoka haraka, na ni manene. Njoo mapema, kwa sababu Hamidou ananunua mengi, anampelekea Sharifa kabla hajaulizwa.